Rili Iliyokohoa

Watu walimwita Kimya, na si kwa sababu ya upole. Mdomo alikuwa nao, na mteja aliyemletea cherehani iliyotiwa mafuta ya kupikia badala ya mafuta ya mashine alisikia ya kusikia. Jina lilitokana na kazi. Cherehani ikipita mezani kwake, hata iwe ile kongwe ya kurithi, ilitoka ikishona polepole bila kelele, utadhani inaogopa kuamsha mtoto. "Mashine inayopiga kelele ni mgonjwa," alikuwa akisema, "na mgonjwa harudishwi nyumbani hajapona." Mafundi wenzake mtaani walimcheka kwa maneno hayo, kisha mashine zikiwashinda wakamletea kimyakimya kwa mlango wa nyuma.

Sasa huyo Kimya alikuwa na mama, na mama yake alikuwa na neno moja lililomkosesha usingizi.

Mdogo wake Kimya, kitindamimba wa nyumba ile, ndiyo maana wote walimwita Kitinda, aliondoka asubuhi moja kwenda kuvua bwawani nje ya mji, asirudi. Alitafutwa. Wenye kujua kuzamia walizamia, nyavu zikavutwa, kikapatikana kiatu kimoja ambacho mama alisema si cha mwanawe, na huenda kweli hakikuwa chake. Mwili haukuonekana. Majirani walipoanza kuingia na viti vyao kuja kukaa msibani, mama alisimama mlangoni akawarudisha.

"Kwani nani amekufa?" aliwauliza. "Mwanangu ameondoka na rili yake mkononi. Nileteeni basi hata hiyo rili, nitamlia. Kama hata hiyo hamna, nendeni kwenu."

Rili, kwa asiyeijua, ni kile kigurudumu cha chuma kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Unazungusha mkono wake, mshipi unajikunja. Kitinda aliinunua ikiwa imeshachoshwa na wengine, na hata hajaizoea vizuri ikamponyoka, ikaanguka kwenye kizingiti cha saruji pale pale nyumbani. Jino moja la gia likakatika ncha. Tangu siku hiyo rili ikawa inakohoa: krr, krr, krr, tak! Kila jioni alikaa kwenye kizingiti hicho hicho akiizungusha ili mshipi ukauke, na mama jikoni akisikia ile tak anaongeza maji kwenye sufuria. Kimya wakati huo ndiyo kwanza anajifunza ufundi, na ile kelele ilimwasha kama mtu aliyekalia siafu.

"Hebu lete nikutengenezee. Aibu gani hii!"

Mdogo wake anacheka tu. "Iache ikohoe, kaka. Mama anajua nimefika."

Mara moja tu alimruhusu kuigusa, skrubu ya mguu wa rili ilipopotea. Kimya akatia skrubu ya shaba ya cherehani, akaipiga tupa kichwa chake upande mmoja ili ienee.

Basi miaka ikaenda. Mama hakumlia mwanawe hata tone. Macho yakaingia ukungu, akawa anaona vivuli tu, na kila jioni akawa anasogeza kiti mpaka karibu na mlango ulio wazi, anakaa kusikiliza, baridi inampiga mpaka vidole vinakakamaa. Alishaanguka pale kizingitini, akainuliwa na wapita njia. Daktari alisema moyo umechoka, mama huyu asikae peke yake. Kimya alikuwa na chumba tayari kwake, kitanda kimetandikwa, pazia limeshonwa na mkewe kwa kitambaa kizito cha kuzuia upepo. Chumba kilikaa na pazia lake, hakuna mtu.

"Siendi," mama alisema. "Kitinda akija akute nyumba imefungwa, atasema mama yake alimchoka."

"Na mimi je, mama? Mimi si mwanao?"

"Wewe si uko hapa? Anayetafutwa ni aliyepotea."

Neno hilo lilimuuma, na lilimuuma zaidi kwa sababu halikuwa na hasira ndani yake. Ukweli usemwe: Kimya alimpenda mdogo wake, na alimwonea wivu vilevile. Kumwonea wivu maiti, jamani! Lakini mtu akikaa miaka anapeleka maji, mkaa na dawa kwa mama ambaye masikio yake yako barabarani, moyo unaota kutu. Alichotaka si kikubwa. Alitaka mama akubali, alie, apoe, kisha ahamie kwake apate kufa, siku ikifika, akijua ni nani amemshika mkono.

Mwaka huo jua likakaza. Bwawa likapungua, likapungua tena, mpaka likabaki tope lililopasukapasuka, na watu wakaingia na magunia kuokota kilichokuwa chini. Vyuma vyote vilipelekwa kwa mzee mmoja mnunuzi wa vyuma chakavu, wenyewe wakimwita Kutu. Kimya alikuwa mteja wake wa zamani; akikosa springi au beringi alikwenda kuchakura kwenye malundo yake. Siku hiyo alikuwa anatafuta mkono wa cherehani. Alivuta waya, ukaja na bonge la tope gumu, na ndani ya bonge akaona kitu cha kijani. Akakikwangua kwa ukucha. Kichwa cha skrubu ya shaba, kimepigwa tupa upande mmoja.

Alikaa chini. Hakuchagua pa kukaa, alikaa juu ya bati.

"Fundi, vipi, umeumwa na nge?" Kutu aliuliza.

"Hii imetoka wapi?"

"Bwawani. Vyote hivyo vya bwawani."

"Hapakuwa na kitu kingine? Karibu nayo?"

Kutu alimtazama, akaacha utani. Ni mtu mzima, na mji si mkubwa. "Mimi nanunua vyuma tu, fundi," alisema taratibu. "Vingine hawaniletei. Ichukue, sitaki kitu."

Mkewe alipoiona mezani nyumbani hakuhitaji kuambiwa. Alijifuta mikono kwenye khanga, akaishika ile rili na tope lake, akalia. Kisha akasema jambo ambalo lingewaokoa wote, kama lingesikilizwa.

"Mpelekee sasa hivi. Hivi hivi ilivyo."

"Hivi?"

"Ndiyo. Aguse tope, anuse bwawa. Unataka ushahidi gani zaidi ya huu?"

"Nimpelekee mama yangu uchafu? Imekwama, haizunguki, imeoza. Ni kitu cha mdogo wangu hiki. Nitaitengeneza kwanza."

"Baba watoto, huyu si mteja."

"Niache na kazi yangu," akasema, na mwanamke akamwacha. Alimjua.

Ndipo akaingia kazini, na kazi aliifanya kama hakuwahi kufanya nyingine. Aliilaza rili kwenye mafuta ya taa mpaka tope likalegea. Akaisugua kwa mswaki. Mshipi wa nailoni ulikuwa umejiviringa kwenye mkono wa rili, mzunguko juu ya mzunguko, umekazana, na alipoukata kipande kwa kipande alijikuta anajiuliza kama kabla ya tope ulikuwa umeviringa kitu kingine, kidole, au kifundo cha mkono. Alilia akiwa anakata. Chuma hakikumwambia kitu, na aliendelea kukata.

Ekseli ilikuwa imeshikana kwa kutu na nyumba yake, lile ganda la nje la rili. Aliigeuza pasi ya umeme juu chini, akaibana kwenye jiriwa, akaiweka rili juu yake ipate moto pole pole, huku akiigonga kwa kipini cha nyundo, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi kwa wenyewe waliolala. Ikaachia. Loo, furaha aliyoipata! Alimwita mkewe aje aone. Kishikio cha mbao cha kwenye mkono kilikuwa kimeoza, akachonga kingine. Springi akatia mpya. Skrubu ya shaba akaisugua ikang'aa, akairudisha mahali pake, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe na ilikuwa bado nzuri.

Halafu akafika kwenye gia. Jino moja limekatika ncha.

Na hapa ndipo mtu unataka kumpigia kelele: wewe mwanamume, acha! Lakini mazoea yana taabu. Miaka yote hiyo, jino lililovunjika akiliona mezani ni moja tu la kufanya. Hakukaa kufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Kutu alikuwa amempa na rili nyingine, mzoga, ya kuchukulia vipuri. Akang'oa gia yake, ikaenea kama iliyozaliwa humo. Ile mbovu akaitupa kwenye kopo lililokuwa chini ya meza, alilolipachika jina kopo la marehemu, mahali pa kila kipande kilichomaliza kazi. Akajaza grisi. Akafunga. Akazungusha mkono karibu na sikio, macho amefumba, kama alivyofanya kwa kila mashine kabla ya kuitoa. Hakuna hata mkwaruzo. Aliridhika, akalala usingizi mzuri.

Asubuhi yake hakufungua kibanda. Alivaa shati safi, akaenda kwa mama na mkewe nyuma yake, rili ndani ya kitambaa cheupe. Mama alikuwa anaota jua uani. Kimya alichuchumaa mbele yake, akamwekea kitambaa mapajani.

"Mama. Bwawa limekauka. Tumepata rili ya Kitinda."

Mama alifunua kitambaa. Vidole vyake vilitembea juu ya chuma, mguu, nyumba, mkono. Midomo ilianza kumtetemeka, na Kimya aliona kwamba saa imefika, akamshika goti awe karibu. Mama akakishika kile kishikio cha mbao, akazungusha. Akasubiri. Akazungusha tena.

"Mbona hailii?"

"Nimeitengeneza, mama. Jino lilikuwa limevunjika. Nimetia jingine."

"Umetia jingine." Alikizungusha tena kishikio, polepole, sikio ameinamisha. "Na hiki kimti?"

"Kile kilioza. Nimechonga mimi."

"Haya. Na nini humu hukuchonga wewe?"

"Skrubu, mama! Hii skrubu, shika hapa. Niliitia mimi mwenyewe, Kitinda akiwa amekaa pale. Ni ya cherehani."

"Skrubu za cherehani si zimejaa kibandani kwako?" Mama aliinua uso, na uso haukuwa wa mtu aliyefiwa. Ulikuwa umechangamka kabisa. "Rili ya mwanangu ilikuwa inakohoa. Nikiwa usingizini ningeijua. Hii umeinunua. Na mtu akikuletea ya uongo, mkwe wangu, maana yake ni nini? Maana yake ya kweli haijapatikana. Bado anayo mwenyewe mkononi!" Akacheka, akapiga kofi moja. Kisha kicheko kikakatika. "Lakini usinifanyie hivi tena, kaka mtu. Umzike ndugu yako kwa chuma cha dukani ili mimi nihamie chumbani kwako? Ni wewe huyu?"

Angesema nini Kimya? Kila alichokuwa nacho cha kuthibitisha alikuwa amekisugua kwa mikono yake, na tope lilikuwa limemwagwa mtaroni pamoja na mafuta ya taa. Mkewe, ambaye alikuwa na haki ya kusema nilikwambia, hakusema. Alimshika mkono akamwinua.

Tangu siku hiyo mama alikaa mlangoni kwa bidii mpya. Matumaini yalimpa nguvu ya kujiumiza. Mvua za kwanza zilipokuja, baada ya ukame wote ule, zilimkuta kwenye kiti chake, mlango wazi, na alipoombwa aingie ndani alisema Kitinda naye yuko kwenye mvua hiyo hiyo. Homa ikampanda. Kifua kikaanza kukoroma. Mke wa Kimya akahamia pale kumuuguza, na daktari alipokuja alimwita Kimya pembeni akamwambia asitegemee sana. Homa ilimchukua mama ikamrudisha, saa nyingine anajua aliko, saa nyingine anaulizia watu wa zamani.

Kimya akaenda kibandani, akalimwaga kopo la marehemu mezani. Sindano zilizovunjika, springi zilizolegea, meno, vyuma vya kila namna. Alitafuta kwa kidole mpaka akaipata ile gia, na jino lake lililokatika. Akaifungua rili. Akaitoa gia nzima. Akaosha grisi yote kwa mafuta ya taa, chuma kikabaki kikavu, akairudisha gia mbovu mahali pake. Katika maisha yake hajawahi kuipokea mashine nzima akaifanya mgonjwa, na mikono ilimgomea. Bisibisi ilimponyoka, ikamchoma kiganja. Alizungusha. Krr, krr, krr, tak! Palepale kibandani, kaka mtu akamsikia mdogo wake, na akajua, kwa mara ya kwanza na yeye mwenyewe, kwamba Kitinda amekufa. Hata yeye alikuwa hajamlia. Alikuwa na mama wa kuangalia.

Alifika kwa mama jioni, jua likiwa limekwisha kuzama nyuma ya mabati ya majirani. Mkewe alikuwa jikoni anapasha uji. Kimya alifika kizingitini, akasimama. Mara hii angesemaje? Mama, nilikosea, sasa ndiyo yenyewe, sasa lia? Akakaa kwanza, pale pale kwenye saruji, apate pumzi, na mkono wenyewe ukaizungusha rili.

Krr, krr, krr, tak.

Ndani, kitanda kililia.

"Kitinda?"

Alikurupuka, akaingia. Mama alikuwa ameinuka kwenye viwiko, kitu ambacho hakuwa amekiweza tangu homa ianze, uso umegeukia mlango, umefunguka wote.

"Mama, ni mimi," akasema.

"Najua ni wewe. Nimekusikia tangu kizingitini." Alinyoosha mikono, akaipata rili, akaizungusha mwenyewe. Tak. Akazungusha tena. Tak. Na mama akalia. Alilia kama alivyoahidi, machozi ya miaka yote yakishuka mpaka kwenye mto, lakini alikuwa anacheka humo humo kwenye kilio, akimpapasa Kimya mashavu na nywele. "Umekuwa mkubwa. Mikono imekuwa migumu. Mbona ulichelewa hivyo, baba?"

Kimya aligeuka. Mkewe alikuwa amesimama na bakuli la uji, mkono mdomoni. Alimwangalia kama anayeuliza. Ukweli ulikuwa ulimini, maneno machache tu: Kitinda amekufa, mama, mimi ni yule mwingine. Alimtazama mama yake. Miaka yote hiyo aliililia furaha hiyo usoni mwake, iwe kwa ajili yake.

"Nimechelewa, mama," akasema. "Nisamehe."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Na kaka yako umemwona? Amepita hapa?"

Mama akamvuta karibu, kama anayetaka kusema siri, na pumzi yake ilikuwa ya moto.

"Nilimsema vibaya. Aliniletea kitu amekihangaikia kwa mikono yake, nikamwambia muongo. Mimi, mama yake! Yule mtoto ndiye aliyekaa na mimi. Maji yeye, dawa yeye, mkaa yeye. Na sijawahi kumwambia. Unamwona mtu kila siku, unasema nitamwambia kesho."

"Mwambie sasa, mama. Atasikia."

"Nitamwambia akija. Wewe utakuwepo, utanikumbusha." Akalala, amechoka, kiganja chake kimekishika kile cha Kimya pale pale penye jeraha la bisibisi. "Akija tutahamia kwake. Ana chumba, amenitandikia. Sasa nyote mpo, nitakaa hapa nifanye nini?"

Upepo wa mvua ukaingia, pazia likapepea. Mkewe akaweka uji chini, akaenda kusukuma mlango.

"Usifunge!" mama akasema. "Kaka mtu hajarudi."

Mwanamke alisimama, mkono kwenye mlango, akimwangalia mumewe. Kimya akatikisa kichwa tu kwamba auache. Mkewe akauachia mlango, na mama, bila kumwachia mkono mwanawe, akageuza uso upande wa barabara, akaanza kumsubiri.